Mifuko Saba ya Sombe

Sehemu ya tisa

Mliosoma wiki jana mnakumbuka niliwaacha wapi. Nimeinama kwenye friza, gereji ya Mama Scholastique, Garland, mkono unapapasa barafu, na mifuko yangu miwili haipo.

Kama ndiyo kwanza unanisoma leo, karibu, ila usitegemee kufarijiwa. Naitwa Mwita. Ni Mkurya wa Tarime, mkemia wa kusomea, na kwa miaka mitatu kazi yangu mjini Richardson ilikuwa kupima nguvu ya bangi. Kazi halali, maabara yenye kibali. Wakulima wa ile bangi isiyolewesha wanaleta maua, mimi nayasaga, nayayeyusha, napitisha kwenye mashine, mashine inatoa namba. Nilikimbia bangi kwetu milimani nikaja kuvalia koti jeupe kwa ajili yake Texas.

Kosa langu lilianzia kwa Humphrey, Mkenya wa Sharpstown, Houston. Humphrey alikuwa anaotesha kwa siri, kwenye vyumba viwili vya nyumba ya kupanga, mbegu ambayo watu walikuwa wanaitafuta usiku na mchana. Aliiita Kiboko. Hiyo haikuwa ile isiyolewesha. Alihitaji mtu wa kumpimia kimyakimya, amwambie avune lini na chumba kipi kina nguvu kuliko kingine. Mtu huyo akawa mimi. Siku Kiboko ilipofika asilimia ishirini na tisa, Humphrey alilia kwa furaha kwenye simu.

Mara ya mwisho hakunipa maua. Alinipa yale majani madogo yanayolizunguka ua, ameyasaga na barafu, ameyagandisha kwenye mifuko miwili ya plastiki. Alitaka kujua kama yanafaa kukamuliwa mafuta.

Na mimi, msomi mzima, nikaiweka mifuko hiyo kwenye friza ya mwenye nyumba wangu.

Mama Scholastique ni Mkongo wa Fizi. Friza ya Mama wa Kikongo ina nini? Ina sombe. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakagandishwa, yakatiwa kwenye mifuko ya plastiki. Rangi ile ile, ubaridi ule ule.

Haya. Mmeshaelewa.

Jumapili ile wamama wa kanisa walikuwa wanamfanyia sherehe Christelle, binti wa Mama Scholastique, mimba ya miezi minane na nusu. Mimi nilikuwa nimetoka Houston alfajiri hiyo, nikaitia mifuko frizani, nikalala mpaka mchana. Nilipotoka gereji nikakimbilia sebuleni, sufuria lilikuwa limeshakombwa.

"Mwita, papa, ulikuwa wapi?" Mama alinipokea kwa kicheko. "Tumekubakishia kidogo tu, iko kwa bakuli. Leo Mungu ametenda! Jana nilijua niko na sashe tano za sombe kwa frigo. Nafungua, nakuta saba. Saba! Nimeshatoa ushuhuda kanisani."

Wamama wakapiga vigelegele. Nikamtazama Christelle. Alikuwa amekaa kiti cha heshima, kitenge kipya, sahani tupu mapajani. Alikuwa ameongezewa mara mbili.

Ngoja niwaambie kitu anachokijua mkemia na mpishi hakijui. Jani bichi la bangi halina maajabu. Nguvu yake inaamshwa na moto, na inashikwa na mafuta. Sombe inachemka saa nne nzima kwenye mawese mengi. Mama Scholastique, masikini, hakukosea hata hatua moja.

Haikupita saa moja, Shemasi Wilondja alikuwa amelala kwenye nyasi mbele ya nyumba na viatu vyake, anasema mbingu imeshuka. Mama mmoja alicheka mpaka akaanza kulia. Wengine walitapika. Mchungaji akaanza kukemea pepo.

"Mwita," Christelle aliniita. Macho yalikuwa mekundu. "Moyo wangu. Iko na-race. I can't feel my hands."

Akaanguka.

Gari la wagonjwa lilipofika, kijana wa huduma aliuliza kwa Kiingereza, "Amekula nini?" Wamama wote wakanigeukia mimi nijibu, maana mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa Kiingereza pale ndani.

"Majani ya muhogo," nilisema.

Nilipaswa kuongeza neno moja tu. Sikuliongeza. Aibu yangu yote inaanzia hapo, yaliyofuata ni matawi tu.

Jumatatu mchana mtoto alizaliwa. Wa kike, kilo mbili na nusu, mzima, analia vizuri. Niliposikia nilipiga magoti chooni kazini nikamshukuru Mungu. Nilidhani nimepona. Mjinga mimi!

Jumanne Mama alirudi kutoka hospitali peke yake, na karatasi mkononi. Hakuvua hata koti.

"Wewe ni mutu wa laboratoire," aliniambia. "Soma. Wanasema nini juu ya batoto bangu?"

Nilisoma. Mkojo wa mama: bangi. Mkojo wa mtoto: bangi. Idara ya watoto imeshaarifiwa. Mtoto hatatoka hospitali na mama yake.

"Wanasema Christelle ana bangi mwilini, Mama."

"Bangi? Christelle?" Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. "Huyu anayeimba soprano? Hata bière hajui ladha yake. Mashine yao imekosea. Waandikie barua, uwaambie. Wewe ndio fundi."

"Mashine haikosei hivyo, Mama. Si mara mbili."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia nikiwa naoga.

"Mwita, mwanangu. Zile sashe mbili. Ni nani aliweka?"

"Sijui, Mama."

"Haujui."

"Sijui."

"Basi," alisema, "sitatoa tena ushuhuda."

Sijitetei. Naeleza tu. Mke wangu Clara yuko Musoma na binti yetu wa miaka sita ambaye nimemwona kwenye simu kuliko nilivyomwona kwa macho. Mahojiano yangu ya uraia yalikuwa tarehe kumi na nne. Nikipita, wanakuja. Na pale mezani wanauliza waziwazi habari za dawa za kulevya. Anayekiri, makaratasi yake yamekwisha, anapandishwa ndege. Nilikuwa nimehesabu siku: zilibaki kumi na mbili.

Nikapata wazo. Wazo la mwoga huwa linaonekana zuri sana.

"Mama, tuwatafute waliokula. Wakisema wote waliumwa, hospitali itajua ni chakula, si Christelle."

Uso ukamrudia. Jumatano asubuhi tukaingia kwenye gari langu, tukaanza na Shemasi Wilondja. Tulimkuta amevaa sare ya kiwanda, anataka kwenda kazini.

"Mimi?" alisema. "Jumapili ile nilikuwa nafunga."

"Shemasi!" Mama alishika kiuno. "Umekula sahani mbili! Umelala kwa majani yangu mpaka nikakufunika na kitenge!"

"Mama Scholastique, uko unanielewa ao haunielewi? Niko na kesi ya makaratasi. Wakinipima mimi, na batoto bangu bote tunarudi wapi? Mimi sombe sikula."

"Lakini wewe ni shemasi."

"Ndiyo. Nitawaombea."

Tulipita nyumba sita siku hiyo. Mama aliyecheka mpaka akalia alituambia hakufika kabisa kwenye sherehe. Mwingine alituongelesha kupitia dirishani, pazia nusu. Nyumba zote sita, hata mmoja hakula. Garland nzima ilikuwa imefunga Jumapili ile.

Ningewalaumu, lakini kwa mdomo upi? Wao waliogopa makaratasi wakiwa hawana kosa.

Tuliporudi tulimkuta Florent, mume wa Christelle, anafunga begi. Florent anaendesha foklifti kwenye ghala, kijana wa maneno machache; Jumapili ile alikuwa zamu. Christelle alikuwa amesharuhusiwa, bila mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, amejifunga kanga kifuani, maziwa yamelowesha kanga.

"Mama, mimi sina neno na wewe," Florent alisema. "Lakini mwanamke anayevuta na mimba yangu tumboni, siwezi."

"Florent, je te jure, nakuapia," Christelle alisema. "Sijavuta. Hata siku moja."

"Karatasi inasema."

"Karatasi ndiyo mke wako?"

Florent akanigeukia mimi. Ee Mungu, kwa nini kila mtu ananigeukia mimi!

"Bro, wewe ndio kazi yako. Niambie ukweli kama mwanaume. Karatasi kama ile inaweza kudanganya?"

Christelle alinitazama. Macho yale sitayasahau. Alikuwa na uhakika kwamba nitamsaidia.

"Inategemea," nilisema.

Florent aliuvuta mkanda wa begi begani akaondoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, na hilo lilimuumiza Christelle zaidi. Alikaa chini palepale kwenye kapeti, hakulia, akaanza kuyumbisha kichwa huku na huku.

Alhamisi nilichukua lile bakuli nililobakishiwa Jumapili. Lilikuwa bado kwenye friji, hakuna aliyeligusa. Nikalipeleka maabara ndani ya kopo la mtindi. Saa ya chakula, wenzangu walipotoka, nikapima kidogo, nikayeyusha, nikaipa sampuli namba ya uongo, nikapitisha kwenye mashine.

Kwa nini? Nilikuwa najidanganya kwamba labda siyo. Labda kweli Christelle alivuta. Ndiyo, nilifikia hapo. Nilimwombea mwanamke asiye na hatia awe na hatia.

Mchoro ulipanda kwenye kioo cha kompyuta ukawa mlima. Sheldon, bosi wangu, aliingia na sandwichi mkononi, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ya nani?"

"Mteja. Anatengeneza vyakula."

Sheldon akaangalia namba, akapiga mluzi. "Mwambie huyo mteja anajua kupika. Ila atamuua mtu. Nani anakula sahani nzima ya kitu hiki?"

Christelle, nilitaka kusema. Sahani tatu, na mtoto tumboni.

Niliprinti majibu. Karatasi yenye nembo ya maabara, kipimo, tarehe, jina langu chini. Karatasi hiyo ingemrudishia Christelle mwanawe siku hiyo hiyo: sombe ndiyo iliyokuwa na bangi, si yeye. Ila swali la pili lingekuwa bangi imeingiaje kwenye sombe, na hilo lina jibu moja, linaishi chumba cha nyuma na linalipa kodi kila tarehe mosi.

Nikiwa kwenye maegesho nilimpigia Humphrey.

"Buda, chana hiyo karatasi," alisema kabla sijamaliza. "Chana saa hii."

"Mtoto amechukuliwa, Humphrey. Ana siku tatu."

"Mtoto atarudi. Wewe ukirudishwa TZ, hurudi. Na skiza, mimi sikutishi, nakuambia tu vile mambo iko. Ukinitaja, nitasema hata sikuwa najua hesabu za nguvu, wewe ndio mwalimu. Meseji zako zote niko nazo. Tutaingia ndani pamoja, tukipanga laini."

"Ulisema ni majani tu."

"Na wewe ulisema friza ni yako."

Akakata. Nilipompigia tena baada ya saa moja namba haikuwepo. Mpaka leo haipo.

Sikuichana karatasi. Niliikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati.

Ijumaa saa nane mchana akaja dada wa idara ya watoto. Mmarekani mweusi, mnene kidogo, mpole, viatu vya raba. Alivua viatu mlangoni alipoona vyetu vimepangwa, nami nikatamani awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi kumchukia. Christelle alikuwa amekwenda hospitali, wanamruhusu saa moja kwa siku kumshika mtoto.

Dada alipiga namba ya wakalimani, akaweka simu mezani. Akatokea mwanaume anayeongea haraka haraka Kiswahili cha Nairobi.

"Huyu wa simu simusikie," Mama alisema. "Yeye hanijui na mimi simujui. Niko na mwanangu hapa, Mwita. Mwita ndio atasema."

Dada aliniangalia. Akaniuliza kama niko tayari kutafsiri kila kitu kama kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

"Niko tayari," nilisema, nikamweleza Mama nilichoulizwa.

Basi nikawa mdomo wa nyumba ile. Dada alisema, nikatafsiri: leo saa kumi na moja mtoto anapelekwa kwa familia ya walezi, Fort Worth. Wiki ijayo jaji atasikiliza. Kama hakuna maelezo bangi ilitoka wapi, mtoto anaweza kukaa huko miezi, labda mwaka. Kama kuna mtu mwingine aliyesababisha, na mtu huyo akaondoka kwenye nyumba hii, mambo yanabadilika, mtoto anaweza kurudi kwa mama yake.

Mama alisikiliza, mikono imekunjwa mapajani.

"Muulize tena," alisema. "Huyo mutu akitoka, mutoto anarudi? Kweli kweli?"

Niliuliza. Dada akasema ndiyo, atapendekeza hivyo.

Mkono wangu ulikuwa kwenye mfuko wa shati. Naapa kwa binti yangu, nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeishika karatasi kwa vidole viwili. Uraia uende, Clara atanisamehe au hatanisamehe. Nikavuta pumzi.

"Mama," nilisema, "kabla hatujaendelea, nina jambo..."

Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu. "Ngoja, papa. Acha mimi niseme kwanza."

Kwetu Tarime, na kwao Fizi, mkubwa akisema ngoja, mdogo anangoja. Nimelelewa hivyo. Na nitawaambia ukweli wenyewe, maana hii ni toba na si hadithi ya kujipamba: nilifurahi kuambiwa ngoja.

"Mwambie ile bangi ni yangu," Mama alisema.

Nilimgeukia.

"Mwambie. Mimi niko na magoti ya kuuma, tangu camp. Mutu mumoja alinipa hiyo dawa, akafa, jina lake nimesahau. Niliweka mimi kwa sombe. Christelle hakujua. Mutu yeyote hakujua. Ni mimi."

"Mama, hiyo si kweli."

"Si wewe umemwambia utatafsiri kila kitu kama kilivyo?" Sauti yake ilikuwa tulivu. "Sashe zilitoka kwa frigo yangu. Sufuria ni yangu. Ni mimi nilimuongezea mutoto wangu sahani ya tatu, yeye alisema ameshiba. Mimi niko na miaka sitini na mine, watanifanya nini? Sema."

"Anasema nini?" dada aliuliza. Kalamu ilikuwa tayari.

Mama alinitazama usoni kama mtu anayekuamini na pochi yake. Karatasi ilikuwa kwenye vidole vyangu. Sentensi moja ya Kiingereza ilitosha. Hata ungekuwa wewe, ungeweza kuisema.

Nikafungua mdomo nikatafsiri. Neno kwa neno. Magoti, kambi, marehemu asiye na jina, sufuria, sahani ya tatu. Sikuongeza wala sikupunguza. Sijawahi kutafsiri vizuri vile maishani mwangu.

Dada aliandika. Aliuliza kama binti alijua. Nikamuuliza Mama, Mama akasema hapana, nikasema hapana. Aliuliza kama Mama anaelewa uzito wa alichosema. Mama akasema anaelewa kabisa, na kwamba Mungu ni shahidi. Nikatafsiri na hilo pia.

Kisha dada akaifunga kalamu. Alionekana amechoka.

"Mwambie hivi," aliniambia polepole kwa Kiingereza. "Mtoto hatakwenda Fort Worth. Nitapendekeza arudi kwa mama yake. Lakini yeye hawezi kubaki kwenye nyumba hii, hata leo. Na kwa kuwa amekiri kumpa mjamzito dawa bila mwenyewe kujua, sina hiari, napigia polisi sasa hivi. Kwa hali yake ya ukimbizi, lazima apate mwanasheria. Mwambie asiseme kitu kingine mpaka ampate. Tafadhali mwambie vizuri."

Akachukua simu yake, akasogea dirishani.

Mama alinivuta mkono wa shati. "Amesema nini?"

"Mtoto anarudi."

"Aksanti Yesu!" Alifunika uso kwa viganja. Alipoufunua alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Na nini tena? Alisema maneno mingi."

Nilimtazama dada kule dirishani. Polisi walikuwa wameshapokea.

"Amesema asante," nilimwambia Mama.

"Ni mutu muzuri. Nilimuona tu alivyovua viatu." Akajiinua kwa kushika meza, akaelekea jikoni, akafungua maji kwenye birika. "Mwita! Muulize kama anakunywa chai na maziwa ao bila."

Nilikwenda mpaka dirishani. Dada alikuwa anawasomea namba ya nyumba na jina la mtaa. Aliniinulia kidole nisubiri, akaendelea kutaja jina la Mama, herufi moja moja.

"Na maziwa," nilimwambia Mama.